Mafunzo ya Kazini Hupimwa kwa Nini? Fundisho la TAZARA

Tutazame reli iliyoziunganisha nchi mbili jirani, Tanzania na Zambia. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Maelfu ya vijana walijifunza kazi papo hapo njiani, bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Wengine walipelekwa Beijing kusomea fani za reli. Tukihesabu waliohitimu, mpango ulifaulu.

Hata hivyo, mwaka 1959 msomi wa Marekani, Donald Kirkpatrick, alikwisha kufundisha kwamba mafunzo yapimwe kwa maswali manne: Je, mwanafunzi ameridhika? Amejifunza? Amebadilika kazini? Kazi yenyewe imenufaika? Katika swali la nne TAZARA ilipungukiwa: reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikufikia kiwango hicho.

Je, tuwalaumu walimu na wanafunzi wao? La. Injini za awali zilielemewa na mwinuko wa kati ya Mlimba na Makambako; na Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi. Hakuna darasa liwezalo kuziba mapengo hayo.

Basi, anayepima mafunzo asiishie kwenye vyeti. Wala asimhukumu fundi kabla ya kukagua zana alizopewa.