Kulima Pasipo Udongo

Ukisimama ufukoni pa Muhuru Bay asubuhi, wakati mashua za omena zinaporudi, yatazame maji kwa makini. Huenda ukaona shada la majani mabichi, mapana, yenye kung'aa, likielea peke yake na kusukumwa na upepo. Lishike, uliinue. Chini yake utaona mizizi mirefu, myeusi, yenye vinyweleo vingi kama unyoya wa ndege. Mizizi hiyo ilikuwa ikining'inia majini tu, wala haikuhitaji udongo. Hilo ndilo gugumaji. Wavuvi wanalilaani, na wana haki ya kulilaani. Lakini nakuomba, msomaji, kabla hujalitupa juani likauke, ujiulize swali moja: mmea huu unakula nini?

Swali hili ni la zamani sana, na historia ya kulima pasipo udongo, ambako siku hizi huitwa haidroponiki, si kitu kingine ila historia ya swali hilo. Wako waandishi wapendao kuianza habari hii katika bustani zilizoning'inia za Babeli, au katika bustani za maziwa ya Mexico. Mimi sitaanza huko. Za Babeli hakuna magofu yaliyozithibitisha, na zile za Mexico zilijengwa kwa matope yaliyochotwa ziwani. Nayo matope ni udongo. Afadhali tuanze na mtu aliyeshika mizani.

Mtu huyo ni Jan Baptista van Helmont, tabibu wa nchi ambayo leo inaitwa Ubelgiji. Watu wa zamani zake walisadiki kwamba mti hula udongo kama mbuzi alavyo majani. Yeye akatwaa chungu kikubwa, akatia ndani yake udongo mkavu ratili 200, akapanda mche wa mwerebi, mti upendao kingo za mito, ambao uzito wake ulikuwa ratili 5. Muda wa miaka mitano hakuupa kitu ila maji. Kisha akaung'oa na kuupima: ratili 169 na zaidi kidogo! Akaukausha ule udongo, akaupima nao, akaona umepungua wakia 2 hivi, basi. Ndipo akakata shauri kwamba mti mzima, gome na shina na mizizi, umefanyizwa kwa maji matupu. Habari hizi zilichapwa mwaka 1648, naye mwenyewe amekwisha kufa.

Kipimo kilikuwa kizuri, lakini shauri lilikuwa la haraka. Van Helmont hakuifikiri hewa, ingawa yeye ndiye aliyelitunga lile neno la Kizungu ambalo sisi tumelichukua na kusema gesi. Tena alizidharau zile wakia mbili. Zishike sana akilini, msomaji, maana hadithi yetu yote imo ndani yake.

Mwaka 1691, huko London, Mwingereza mmoja jina lake John Woodward alitia miche ya nanaa katika vyupa vya maji. Katika kimoja mlikuwa na maji ya mvua, katika kingine maji ya chemchemi, katika kingine maji ya mto Thames, na vingine vilitiwa maji ya mfereji wa Hyde Park. Tena baadhi ya hayo aliyakoroga na udongo wa bustani. Aliupima kila mche kabla na baada, akayapima na maji yaliyopungua. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1699. Aliona kwamba kadiri maji yalivyokuwa na uchafu wa ardhi ndani yake, ndivyo nanaa ilivyozidi kunenepa. Na maji mengi mno yalipita tu katika mmea na kutokea majanini, yasibaki humo. Basi maji si chakula chote. Yamebeba chakula, kama mashua ibebavyo samaki.

Jaribio hili ni jepesi. Mwanafunzi wa shule ya sekondari aweza kulifanya kwa chupa nne na mizani ya maabara: maji ya mvua kutoka bati la shule, maji ya kisima, maji ya ziwa, na maji ya mto Kuja siku ya mafuriko, unapokuja mwekundu kwa udongo wa milima ya Kisii. Sitakuambia ni chupa ipi itakayoshinda.

Zaidi ya miaka 80 ikapita ndipo Jan Ingenhousz, mwaka 1779, alipoonyesha kazi ifanywayo na majani katika mwanga wa jua. Hapo likaanza kufumbuka fumbo la mwerebi: sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutoka hewani na majini. Kilichobaki ni kile kidogo kitokacho ardhini, ambacho ukiuchoma mti huonekana katika majivu. Wajerumani wawili, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, ndio waliokitaja kwa majina. Kuanzia mwaka 1860 hivi walitwaa maji safi yasiyo na kitu, wakayeyusha humo chumvi walizozichagua na kuzipima wenyewe, wakaotesha mimea ndani ya vyupa hata ikakomaa. Walipoacha chumvi moja, mmea ulidhoofu; walipoirudisha, ulipona. Hivyo ikajulikana kwamba mmea hutaka naitrojeni, fosforasi, potasi, kalisi, magnesi na salfa, pamoja na chuma kidogo. Na baadaye wengine wakaongeza vitu kama zinki, shaba na boroni, ambavyo hutakiwa kwa kiasi kidogo mno.

Basi udongo ni nini kwa mmea? Ni ghala ya chumvi hizo, ni mtungi wa maji, na ni mahali pa kusimama. Mtu akiweza kuvitoa vitu hivyo vitatu kwa njia nyingine, na mizizi ikapata hewa, mmea hautauliza udongo uko wapi.

Muda wa miaka 70 hivi jambo hili lilikaa katika vyuo kama chombo cha kufundishia. Aliyelitoa nje ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1929 alitangaza kwamba kilichokuwa mchezo wa maabara chaweza kuwa kilimo cha kweli, akawaonyesha watu minyanya iliyokwea juu hata ikabidi kuichuma kwa ngazi. Jina la haidroponiki nalo likatangazwa mwaka 1937. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, maji na kazi.

Mahali palipolithibitisha neno lake ni kisiwa cha Wake, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ndege za abiria za kampuni ya Pan American, zilizotua juu ya maji, zilipumzika hapo katika safari ya kuvuka bahari, na kisiwa chenyewe ni matumbawe, hakina udongo wa kulima mboga. Mwaka 1938 wakaanza kuotesha mboga katika mabirika ya maji yenye chumvi za Gericke, ili wasafiri wapate kitu kibichi mezani. Wewe ukaaye Muhuru Bay huna haja ya kusafiri mpaka Pasifiki ili ulione jambo hili. Nenda Migingo, kisiwa ambacho Kenya na Uganda zilianza kukigombea waziwazi katika miaka ya 2008 na 2009: mwamba mtupu wa nusu ekari hivi, umejaa nyumba za mabati bega kwa bega. Samaki wapo, bustani utaipandia wapi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani nalo lililima kwa njia hiyo katika kisiwa cha Ascension, ambacho ni mawe ya volkano, nao askari wakapata saladi.

Hapa ndipo ilipoingia hila ya wachuuzi. Magazeti ya Marekani yalipoeneza picha za minyanya ya Gericke, watu wa mijini walitaka kulima ndani ya nyumba zao, na wauzaji wakawauzia vifaa na unga wa chumvi kwa ahadi za mavuno yasiyokuwa na mfano. Wataalamu wawili wa chuo kilekile cha California, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakaamua kupima. Mwaka 1938 wakatoa kijitabu cha kuwajibu watu. Walisema kwamba njia hii inafaa kweli, wakaeleza namna ya kuchanganya chumvi. Lakini wakasema pia kwamba udongo mzuri ukitunzwa vizuri huzaa sawasawa na maji, na kwamba maji hayafanyi miujiza. Mimi nawaheshimu wawili hawa kuliko wote niliowataja. Ni vigumu kusema ukweli wa kadiri wakati watu wanataka miujiza. Nao mchanganyiko wa Hoagland, uliorekebishwa baadaye, unatumika katika maabara za dunia mpaka leo.

Tuje sasa kwetu, na kwanza tukitazame kivungulio, nyumba ile ya kioo au ya plastiki ambayo siku hizi karibu kila mtu huihesabu kuwa ndugu wa haidroponiki. Kivungulio kilizaliwa kwa sababu ya baridi. Plini, mwandishi wa Kirumi, asimulia kwamba Kaisari Tiberio alipenda matango kila siku. Kwa hiyo watunza bustani wake waliyapanda katika vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani, na siku za baridi wakavifunika kwa jiwe jembamba lipitishalo mwanga. Watu wa Ulaya walijenga nyumba za kioo kwa sababu hiyo hiyo. Kilimo cha maua ya kuuza ng'ambo kilipoanza kukua nchini Kenya, tangu kampuni moja ya Denmark ilipokuja mwaka 1969, na hatimaye vivungulio vikatanda kando ya ziwa Naivasha, hapo palikuwa pahali pa juu, na usiku wake una baridi. Lakini Muhuru Bay iko kama digrii moja tu kusini ya ikweta, kwenye mita 1,140 hivi, na jua lake unalijua. Nyumba ya plastiki iliyofungwa pande zote hapo ni tanuri. Afaaye kuigwa ni yule aliyeezeka plastiki juu ili kuzuia mvua ya mawe, na kuzungusha wavu ubavuni ili upepo wa ziwa upite na wadudu wasipite.

Vivungulio vidogo vya miti na plastiki vilienea kwa wakulima wa kawaida, vikundi vya vijana na shule za Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000. Wengi walipanda nyanya, na mavuno ya kwanza yakawa ya kutia moyo. Kisha, kwa wengi, ukaja mnyauko wa bakteria, ugonjwa ukaao udongoni: leo mche umesimama, kesho umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Kivungulio hakihamishiki kila msimu, na nyanya zikirudiwa katika udongo uleule, ugonjwa huongezeka. Hapo ndipo wengine walipouacha udongo, wasipende mambo mapya bali kwa kulazimika, wakapanda katika mifuko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, au katika mawe mepesi ya volkano, na kuyanywesha maji yenye chumvi za mbolea. Naona njia hiyo ni ya akili kuliko ile ya wachuuzi: kwanza shida, ndipo dawa.

Ama mtu wa nyumbani asiye na umeme wala pampu, iko njia aliyoieneza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hutwaliwa ndoo isiyopitisha mwanga, maana maji yakipigwa na jua huota mwani. Hutiwa maji yaliyochanganywa na mbolea kamili iyeyukayo, kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa kukisia. Mfuniko hutobolewa tundu, na mche wa letasi au sukuma wiki hutiwa humo katika kikopo kidogo, ncha za mizizi zikigusa maji. Mmea unywapo, maji hushuka, na nafasi inayoachwa juu huwa ya hewa; mizizi ya juu hupumua, ya chini hunywa. Ukiijaza tena ndoo mpaka juu kwa kuihurumia, utaizamisha mizizi iliyozoea hewa, nao mmea utakufa katikati ya chakula chake.

Limebaki swali letu la gugumaji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, nao ulitawanywa duniani na wapenda bustani kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau. Ulifika Marekani na Misri katika karne ya 19. Ulitiwa katika mabwawa ya Rwanda, na yasadikiwa kuwa uliteremka kwa mto Kagera mpaka ziwani Victoria, ambamo ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta, hasa katika ghuba ya Winam. Mashua hazikupita, na njia za Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay ziliziba. Fukusi wadogo walioletwa kutoka kwao, na kufunguliwa Kenya mwaka 1997, waliula, na mawimbi na mvua za El Niño zikasaidia. Ukapungua, lakini haukwisha, na umerudi mara kadhaa.

Haungeliweza kuenea hivyo katika maji yasiyo na kitu. Wataalamu waliolinganisha ziwa la miaka ya 1960 na la miaka ya 1990 waliona mwani umeongezeka mara kadhaa na maji yamepoteza ung'avu wake. Naitrojeni na fosforasi zilikuwa zimeingia: udongo wa mashamba ulioletwa na mito, mbolea, maji machafu ya miji, na majivu ya moto wa nyika yaliyoanguka pamoja na mvua. Zile wakia mbili za van Helmont, zilizoondoka shambani kwa mkulima wa Kisii na wa Migori, ndizo alizokuwa akizila gugumaji.

Kwa hiyo ukijaribu ndoo yako, jua kwamba mavuno yakisha, chini hubaki maji ya kijani kibichi au ya kahawia, na chumvi nyingi bado zimo. Ufuko uko karibu, na mkono hupenda kumwaga karibu. Yabebe upande wa pili wa nyumba, mbali na mfereji uendao ziwani, uyamwagie mpapai.