Gesi, Mizani na Siku 90

Ifikapo Oktoba, gereji ninayofanyia kazi hapa Folkestone, mji wa bandari kusini-mashariki mwa Uingereza, hujaa magari-nyumba. Wenyewe wengi ni wastaafu wanaotaka kuvuka bahari kabla baridi haijakaza, washuke hadi Hispania au Ureno, wachache wafike Morocco, na wasionekane tena huku mpaka Machi. Mimi ni fundi wa upande wa kuishi: maji, gesi, umeme wa ndani na kipasha joto. Injini ina watu wake. Mama yangu mdogo wa Tanga, nilipomweleza kazi hii kwa simu, aliuliza, "Sasa baba, watu hao nyumba hawana?" Nikamjibu wanazo, tena za matofali. "Basi wamekosa nini?" Wamekosa jua, mama.

Jibu hilo lilimtosha, ingawa ni nusu tu ya habari. Jua la Hispania halikuanza kuwaka jana. Kilichowafanya Waingereza walifuate na kitanda na jiko lao nyuma ya usukani ni kodi, uhaba wa fedha za kigeni na karatasi za mpakani. Wateja wangu hupenda kuliita gari-nyumba uhuru. Mimi ninayelivua mbao zake kila mwaka sijaona chombo kilichochongwa na serikali kama hiki.

Na limechongwa hapa hapa mjini, angalau kwa sehemu kubwa. Folkestone kulikuwa na kampuni ya Martin Walter, iliyoanza mwaka 1773 kwa kushona matandiko ya farasi, ikahamia kwenye mabodi ya magari ya kukokotwa, kisha ya injini. Wazee wa mji wanasimulia kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili mmoja wa wakubwa wa kampuni aliona watu wamelala ndani ya magari yao wakingojea meli ya kwenda Ufaransa, ndipo akaingiwa na wazo. Mwaka 1952 ikatoka van ya Bedford CA kutoka kiwanda cha Luton, yenye milango ya kuteleza. Martin Walter wakaitia madirisha na viti vinavyolala vikawa kitanda, wakaiita Dormobile. Baadaye wakaongeza paa lenye bawaba upande mmoja, linalofunguka kama kifuniko cha sanduku, na turubai ya mistari ikajitanda chini yake mpaka mtu mzima akaweza kusimama wima.

Sasa ije kodi. Tangu mwaka 1940 Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwenye magari ya abiria, na ilikuwa kali. Van ya mizigo ilisamehewa. Ukiitoboa madirisha ubavuni, mtoza kodi aliihesabu kuwa gari la abiria, ulipe. Lakini ukiifungia vitanda, jiko na makabati ya kudumu ikawa makazi, ilisamehewa tena. Fikiria wewe ni baba mwenye watoto watatu mwaka 1960: gari la kawaida lina kodi, gari lenye jiko halina. Wengi walinunua jiko ili wapate gari, kisha wakatafuta mahali pa kwenda kulitumia. Msamaha huo ulikwisha Aprili 1973, VAT ilipochukua nafasi ya kodi ya ununuzi, lakini watu walishazoea. Nikiona jiko la miaka hiyo limekazwa kwa skrubu ndefu kupita haja, najua aliyelifunga alikuwa anamfikiria afisa wa kodi kuliko kona za barabarani.

Msomaji wa Nairobi au Arusha labda ameshakumbuka kombi za watalii, zile Volkswagen zilizoinuliwa paa ili mgeni asimame amwone simba. Sisemi nani alimwiga nani. Paa la kwetu liliinuka kwa ajili ya macho, la huku kwa ajili ya mgongo.

Anayetajwa kila mara kuwa baba wa safari hizi ni Dakta William Gordon Stables, Mskoti, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Ujanani mwake alikuwa kwenye manowari zilizosaka majahazi ya watumwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, jambo ambalo watu wa huku hawalitaji wanapomsifu. Mwaka 1885 alijengewa Bristol nyumba ya mbao ya magurudumu, aliyoiita The Wanderer, uzito wake kama tani mbili, ikivutwa na farasi wawili. Akaenda nayo mpaka Skoti akiwa na mtumishi, kochimani, mbwa na kasuku. Mtumishi alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu wapishe. Ni kisa kizuri, ila Stables alisafiri kiangazi na hakuvuka bahari. Hakujua tatizo langu hata moja.

Aliyekaribia zaidi ni Mjerumani Arist Dethleffs wa Isny, karibu na milima ya Alps, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha mijeledi na fimbo za kutelezea theluji. Alikuwa akizunguka masoko kwa muda mrefu, na mchumba wake, mchoraji Fridel Edelmann, hakutaka kubaki peke yake. Mwaka 1931 akamtengenezea nyumba ya kufungwa nyuma ya gari, na kampuni yake ikaendelea na kazi hiyo. Hapo angalau kuna theluji.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 1966 serikali ya Harold Wilson, pauni ikiwa inayumba, iliweka kikomo: anayekwenda likizo nje ya nchi zinazotumia sterlingi asibebe zaidi ya pauni 50. Kikomo kilidumu mpaka Januari 1970. Kwa pauni 50 hoteli ya wiki tatu haiwezekani, ila ukibeba kitanda chako na shehena ya makopo ya maharage, nyama, maziwa ya unga na majani ya chai, unaweza. Ndiyo sababu magari ya miaka ile yana makabati mengi kuliko akili ya kawaida inavyotaka, mpaka chini ya godoro, mpaka nyuma ya kiti cha dereva. Nilipata kulivunja moja sakafu, nikakuta kopo la maharage limeganda kutu kwenye mbao, na lebo yake haisomeki. Shibe ya Hispania ilitoka Uingereza.

Hispania yenyewe ilikuwa ya Jenerali Franco, yenye njaa ya fedha za kigeni, ikawakaribisha watalii kwa mikono miwili. Lakini dereva aliyegonga mtu huko aliweza kuwekwa ndani, na gari lake kuzuiwa, mpaka dhamana ipatikane. Kwa hiyo kampuni za bima za Uingereza ziliuza hati ya dhamana kwa ajili ya Hispania peke yake, na watu waliendelea kuibeba miaka mingi baada ya Franco kufa mwaka 1975. Juu ya hiyo kulikuwa na kadi ya kijani ya bima, iliyoanza kufanya kazi Ulaya miaka ya mapema ya 1950, leseni ya kimataifa, na kwa nchi nyingine kitabu cha forodha cha kuthibitisha kwamba gari uliloingia nalo utatoka nalo. Bahasha ya karatasi ilikuwa na droo yake. Kwenye magari mapya hakuna droo hiyo, maana kwa miongo kadhaa Ulaya ilikuwa imefunguka kiasi kwamba watengenezaji waliisahau. Wateja wangu sasa wanaitafuta, kwa sababu nitakayoifikia.

Kabla ya hapo niseme habari za gesi, maana baridi haijali mkataba wowote.

Kwenye mitungi kuna gesi za aina mbili. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka kufika sifuri hivi. Mtungi unaweza kuwa umejaa, ukiutikisa unasikia kimiminika ndani, na jiko lisiwake. Propani huendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi ya buluu ya Camping Gaz, kampuni ya Kifaransa iliyoanza mwaka 1949, ndiyo iliyowafaa wasafiri kwa sababu ulibadilishiwa Ufaransa, Hispania, hata Morocco. Lakini ni ya butani zaidi, yaani ni ya kiangazi. Mtungi mwekundu wa propani wa huku Uingereza unafaa baridini, ila ukiisha Hispania hakuna atakayekubadilishia, na mtungi wa rangi ya chungwa wa Wahispania una kichwa tofauti. Hivyo kila nchi ilijifungia gesi yake kwa kichwa cha mtungi, bila kutunga sheria ya kumzuia mgeni. Fundi wa miaka ya 1960 alimfungia mteja regyuleta ya pili na kumwombea heri. Sisi tunafunga tangi la kudumu chini ya gari, linalojazwa kwenye kituo cha mafuta, na adapta tatu au nne za midomo ya nchi mbalimbali ndani ya mfuko wa kitambaa. Mfuko huo ukipotea, safari imekwisha.

Na kuna kipasha joto. Magari ya mwanzo hayakuwa nacho. Watu waliwasha jiko wakalala, na wapo waliokufa kwa monoksidi ya kaboni. Kampuni ya Truma ya Ujerumani, nayo ya mwaka 1949, ndiyo iliyoleta mwaka 1961 kipasha joto cha gesi kilichokubaliwa rasmi kwa karavani, kinachovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje. Ninapopima bomba lake la moshi huwa sina haraka na sitaki mazungumzo. Katika ukaguzi wote hiki ndicho kitu pekee kinachoweza kuua mtu akiwa usingizini.

Mteja wa mwanzo huniambia, "Mimi naenda kwenye jua, ya nini yote haya?" Namwonyesha ramani. Meli ya Plymouth hadi Santander, iliyoanza mwaka 1978, iliondoa safari ya Ufaransa nzima na kuwapendeza sana wastaafu. Lakini inakushusha kaskazini mwa Hispania. Mbele yako ni milima ya Cantabria, na ukishaivuka unakutana na Burgos, mji ulio zaidi ya mita 850 juu ya bahari, ambako usiku wa Januari maji huganda ndani ya paipu. Jua liko kilomita mia kadhaa mbele. Usiku wa kwanza wa likizo ndio mgumu kuliko wote.

Kisha mizani. Mtanzania akisikia mizani anawaza malori Kibaha. Huku mstaafu wa miaka 68 analipeleka gari lake la likizo mizani, na roho juu. Waliofaulu mtihani wa udereva kabla ya 1997 wanaruhusiwa kuendesha gari hadi kilo 7,500. Waliofuata wamewekewa kikomo cha kilo 3,500, na hata wale wa zamani wakifika miaka 70 lazima daktari awapime ili haki hiyo iendelee. Kwa hiyo soko zima limejibana chini ya 3,500, na watengenezaji wanajenga kwa plastiki na mbao nyepesi nyumba ambayo tupu inakaribia kikomo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Baiskeli mbili za umeme, kilo 50. Kuna mke na mume, mbwa, tangi la gesi, minyororo ya theluji kwa milima ya Ufaransa, viti vya kukunja. Nimeshuhudia ndoa ikitikiswa na sufuria ya chuma. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Tanga, akitia kalafati na kupaka mafuta ya sifa. Kwake chombo kilichozidiwa mzigo kilijionyesha kwa mstari wa maji ubavuni. Gari halina mstari. Linasema tu siku polisi wa Ufaransa wanapokusimamisha.

Lakini neno la mwisho sasa analo mhesabu siku. Tangu Januari 1, 2021, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Mwingereza anayeingia kwa matembezi nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, amepewa siku 90 katika kila siku 180. Kabla ya hapo aliweza kuondoka Oktoba na kurudi Aprili bila kuulizwa. Sasa majira ya baridi ni marefu kuliko ruhusa. Nyama na maziwa kutoka Uingereza pia haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, kwa hiyo makabati yale ya enzi ya pauni 50 yanavuka mlango wa bahari yakiwa na majani ya chai na biskuti. Hata kibandiko cha nyuma kimebadilika: tangu Septemba 2021 ni UK, si GB, na wapo wazee wanaokibandika wakinuna kama wamelazimishwa kubadili jina la baba.

Wajanja huvuka kutoka bandari ya Algeciras, Hispania, kwenda Morocco, ambako siku za Schengen hazihesabiwi, wakakaa karibu na Agadir pamoja na wastaafu wa Kifaransa waliowatangulia miaka mingi, kisha wakarudi Hispania kumalizia siku zao. Wengine, wasiotaka kupanda meli ya pili, wameahirisha safari. Badala ya kuondoka Oktoba wanabaki kula Krismasi na wajukuu na kutoka Januari mwanzoni, ili siku 90 ziwafikishe Aprili. Kwa karatasi hesabu hiyo ni safi. Kwa paipu ni maafa, maana gari limekaa uani Desemba nzima likiwa na maji ndani, na mwenyewe analileta kwangu siku tatu kabla ya meli, pampu imepasuka, kichujio kimepasuka, naye anataka tangi lijae kabla ya Ijumaa.