Ufundi wa Mikono na Sheria za Serikali katika Historia Yetu ya Butembo na Beni



Kitabu hiki kinasimulia ubatizo wa kwanza, makatekista waliotutangulia, na ujenzi wa kanisa letu. Sisi tuliopewa kuandika sehemu hii tumependa kukumbusha jambo lingine, ambalo husahauliwa upesi siku za sikukuu: namna vijana wetu walivyofundishwa kazi, nani aliyebeba gharama ya mafundisho hayo, na jinsi sheria za Serikali (za Leta, kama wazee wetu walivyozoea kusema) zilivyoyasaidia au zilivyoyazuia. Tunaandika habari hii kwa sababu shauri lenyewe bado liko mikononi mwetu.

Mapatano ya mwaka wa 1906

Mwanzo wa habari hii si Butembo wala Beni, bali ni Bruxelles. Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na Serikali ya Congo ya Mfalme Leopold II walitia sahihi mapatano juu ya misioni. Kila misioni ingepewa ardhi ya hekta 100, na pengine hadi 200, bila malipo na kwa daima. Kwa upande wake, misioni ingefungua shule, kadiri ilivyowezekana, ambamo watoto wangefundishwa ukulima, utunzaji wa misitu na kazi za mikono. Programu ya masomo ilipaswa kuonyeshwa kwa Gavana Mkuu.

Tuseme kweli bila kuficha: ardhi hiyo ilikuwa ya mababu zetu, wala hakuna aliyewauliza. Tena Serikali iliyotia sahihi ndiyo iliyokuwa ikiwatesa watu kwa kazi ya mpira. Hata hivyo, katika mapatano hayo randa na jembe viliandikwa pamoja na kitabu. Tangu siku hiyo, kufundisha ufundi kulikuwa ni wajibu ulioandikwa, wala si wema wa padri mmoja mmoja tu.

Upande wa Beni, Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa misioni ya Stanley-Falls ndio waliotangulia. Mwaka wa 1929 wakafika Mapadri Waasumpsionisti kutoka Ubelgiji. Mwaka wa 1934 misioni ya Beni ilitengwa na Stanley-Falls, na mwaka wa 1938 ikawa Vikarieti ya Kitume chini ya Baba Askofu Henri Piérard. Tarehe 10 Novemba 1959 ikawa Dioseze ya Beni, na tangu mwaka wa 1967 inaitwa Dioseze ya Butembo-Beni.

Mwaka uleule wa 1929, Serikali ya Ubelgiji ilitangaza kanuni za shule za misioni. Misioni za Kibelgiji ziliahidiwa msaada wa fedha, nazo zilipaswa kufuata programu na kukubali wakaguzi. Katika shule za vijijini, bustani na kazi za mikono zilipewa nafasi kubwa, na baada ya shule ya msingi kukawa na shule za waalimu, za makarani na za mafundi. Misioni za Kiprotestanti hazikupata msaada huo mpaka baada ya vita kuu ya pili. Ni haki tulikumbuke jambo hilo, maana ndugu zetu hao nao walifundisha wana wa nchi hii.

Wazee wetu wametusimulia jinsi kazi ilivyokuwa. Kijana alianza kwa kukanyaga udongo wa matofali. Akiisha kuzoea, alipewa kalibu, kisha akafundishwa kupanga tanuru na kulinda moto usiku kucha. Mwingine alishika msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, kupasua mbao za paa. Wasichana walifundishwa na Masista kushona, kutunza nyumba na kulea watoto wachanga. Mshahara ulikuwa mdogo, na mara nyingi ulikuwa chumvi na kitambaa.

Serikali ya kikoloni na kampuni zilikuwa na shauri lao. Minière des Grands Lacs ilichimba dhahabu upande wa Manguredjipa, na Butembo ilianza kukua kandokando ya kazi hiyo. Walihitaji makarani na mafundi wa kutumwa. Wazazi wetu walitaka mtoto atakayeweza kujitegemea. Naam, ufundi ule uliokusudiwa kwa ajili ya wengine ndio uliojenga maduka na nyumba za biashara za watu wetu walipoanza kuuza kahawa na mboga za milimani mbali na kwao.

Shule zinatwaliwa, shule zinarudishwa

Baada ya uhuru, Serikali ilitambua kwamba nchi inakosa mafundi. Mwaka wa 1964 ikaanzisha Taasisi ya Taifa ya Maandalizi ya Kazi, inayojulikana kwa herufi INPP. Waajiri wanatozwa mchango juu ya mishahara wanayolipa, ili wafanyakazi wafundishwe. Ni mpango wenye akili. Lakini kwetu, ambako fundi anafanya kazi chini ya mti pamoja na vijana wake watatu, hakuna daftari la mishahara. Kwa hiyo hakuna mchango, na mafundisho hayakutufikia kama yalivyofikia miji ya viwanda.

Kisha ikaja miaka ya majaribu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa raia. Wengi waliopewa hawakuwa wamefundishwa kuyaongoza, na mengi yakaharibika. Mwishoni mwa mwaka wa 1974 Serikali ikaamua kuzitwaa shule za makanisa, na mafundisho ya dini yakaondolewa katika programu. Majengo tuliyoyajenga kwa matofali yetu yakawa ya Serikali kwa neno moja tu.

Haikuchukua muda mrefu, Serikali yenyewe ikaona uzito wa mzigo ule. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa, na shule zikarudishwa chini ya uongozi wao. Serikali ilibaki na programu, ukaguzi na mishahara ya waalimu; kanisa likapewa uongozi wa kila siku. Ndizo shule tunazoziita hata leo shule za mapatano. Katika miaka ile miwili na zaidi tulijifunza kwamba jengo linaweza kuchukuliwa kwa amri, lakini uangalizi wa wazazi hauwezi kuchukuliwa kwa amri, wala kuletwa kwa amri.

Wakati wa Baba Askofu Kataliko

Baba Askofu Emmanuel Kataliko alitulisha tangu mwaka wa 1966 hadi 1997, alipotumwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Aliaga dunia mwezi wa Oktoba mwaka wa 2000. Alipoona barabara zinakufa na Serikali haiji, aliwaita Wakristu washike majembe na mapauro. Serikali nayo ilikuwa na kazi yake ya lazima iliyoitwa Salongo. Kazi ya Salongo watu waliifanya kwa kuogopa kuandikwa. Barabara ya Askofu waliifanya kwa sababu kahawa yao ilipita humo.

Mwaka wa 1989, mlango ulipofunguliwa kwa vyuo vikuu visivyo vya Serikali, Dioseze yetu ilianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo. Kabla ya hapo, tangu mwaka wa 1971, vyuo vikuu vyote vya nchi vilikuwa vimefungwa katika chuo kimoja cha Taifa kwa miaka kumi, na mtoto wa Lubero aliyetaka kuwa mganga au mwanasheria alipaswa kwenda mbali sana. Hapo tena tunaona jambo lilelile: watu walikuwa tayari zamani, wakingojea sheria tu.

Katika miaka ya 1992 na 1993 mishahara ya waalimu ilikosekana karibu kabisa. Wazazi wakaanza kuwalipa wao wenyewe. Kwa njia hiyo shule hazikufungwa, na tunawashukuru wazazi hao. Lakini mtoto wa mjane alirudishwa nyumbani. Mchango wa hiari ulipogeuka kuwa sharti, aliye maskini zaidi ndiye aliyeumia kwanza.

Sheria za siku zetu

Tarehe 20 Julai 2001 ilitangazwa huko Kinshasa sheria nambari 004/2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida. Kwa sheria hiyo, shirika hupata hati ya Waziri wa Sheria inayolitambua, ili liweze kumiliki kiwanja, kufanya mapatano na kujitetea barazani. Wakati huo Butembo na Beni zilikuwa chini ya utawala wa waasi, zimetengwa na Kinshasa. Sheria ikatangazwa, nasi tulikuwa ng'ambo ya vita. Mwaka uliofuata, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliweka kanuni za mapatano kati ya fundi na mwanafunzi wake. Ni mafundi wangapi wa soko letu waliowahi kuisikia?

Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba shule ya msingi ya Serikali ni ya bure. Jambo hilo likaanza kutimizwa kweli mwezi wa Septemba 2019. Tulifurahi. Lakini bure hiyo ni ya shule ya msingi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataja pia vituo vya kufundishia kazi kwa wale waliokosa shule, lakini kutajwa si kulipiwa. Kijana anayemaliza darasa la mwisho la msingi na kutaka kujifunza useremala, huyo bado yuko mikononi mwa wazazi na parokia.

Nasi hatuna budi kukiri kosa letu. Kwa miaka mingi kituo chetu cha ufundi kilifundisha bila hati yoyote. Tulifikiri kwamba baraka ya Padri na sifa ya kazi zetu zinatosha. Kijana mmoja aliyejifunza uashi kwetu, ambaye mikono yake ilijenga ukuta wa shule iliyo karibu na kanisa, alisafiri kuomba kazi. Msimamizi alimjaribu, akautazama ukuta, akausifu. Kisha akamwomba breve. Hakuwa nayo, kwa maana sisi hatukuwa na ruhusa ya kumpa. Akapewa kazi ya kubeba mchanga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ufundi wake ulikuwa mali, na daftari lilikuwa ni wajibu wetu.

Yatupasayo sasa

Ndugu wapendwa, haja ya leo ni kubwa kuliko ya jana. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewafukuza wengi katika mashamba yao ya kakao na ya muhogo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 tulipita katika ugonjwa wa Ebola. Vijana waliokimbia vijiji wako katika mitaa yetu. Wengine wanaendesha pikipiki za kukodi, wengine hawana hata hiyo, na wenye bunduki wanajua mahali pa kuwatafuta. Nchi inahitaji waashi, mafundi wa umeme na wa mitambo ya jua, watengenezaji wa pikipiki, washonaji, na watu wanaojua kuosha kahawa na kukausha kakao vizuri ili ipate bei.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa parokia: faili la kituo chetu likamilishwe na kufuatwa mpaka mwisho, wala lisilazwe sandukuni tena. Kinshasa ni mbali, lakini barua iliyo kamili hufika.

Kwa mafundi Wakristu: kila anayempokea mwanafunzi aandike mapatano naye, hata kwenye karatasi moja, yakionyesha muda, kazi atakayofundishwa na posho atakayopewa. Mwanafunzi si mtumishi wa bure.

Kwa wale tunaowachagua kutunga sheria: wakumbuke kwamba Katiba, katika kifungu cha 204, imeweka mafundisho ya kazi katika mamlaka ya majimbo, kwa kufuata kanuni za Taifa. Tangu hali ya vita ilipoanza kutumika tarehe 6 Mei 2021, utawala wa jimbo letu la Kivu ya Kaskazini uliwekwa mikononi mwa wanajeshi, na Baraza la jimbo likasimamishwa. Siku Baraza litakaposhika kazi yake tena, liwe na sheria moja mezani: ya kumpima fundi kwa kazi ya mikono yake na kumpa cheti, hata kama alijifunza chini ya mti.

Historia yetu imetufundisha kwamba sheria isiyo na watu hubaki karatasi. Imetufundisha pia kwamba kazi ya watu isiyo na sheria humwacha kijana akibeba mchanga mahali alipostahili kushika pima-maji. Wazee wetu walifanya sehemu ya kwanza kwa jasho lao. Sehemu ya pili wametuachia sisi.

Mwenyezi Mungu, ambaye Mwanae alijifunza useremala katika nyumba ya Yosefu huko Nazareti, awabariki waliotufundisha, awape raha ya milele waliotangulia, na atujalie kuiona jubilei ijayo tukiwa na mafundi wengi zaidi, kila mmoja na cheti chake mkononi.