Gramu 5 na gramu 500

Wandugu, kila tukisikia habari ya bombé kule Kinshasa, wengi wetu wanasema: wafungwe tu, wote! Miye hapo nakumbuka Marekani ya 1986. Mwezi wa sita, Len Bias, kijana wa basketi, alikufa ju ya kokaini, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics. Watu wakalia, wabunge wakakimbia, na mwezi wa kumi sheria ikawa tayari. Ukikamatwa ukiuza gramu 5 za krak, ni miaka 5 ya gereza, si chini. Ile ya unga? Mpaka ufikishe gramu 500. Na ni kokaini ileile! Tena Bias mwenyewe alivuta unga.

Krak ilikuwa ya bei ndogo, ikiuzwa sana mitaa ya Weusi maskini. Njo hao walijaza magereza. Jaji alibaki mikono imefungwa: huyu ni mgonjwa ao mfanyabiashara mkubwa? Alipima gramu tu. Kwa bombé, miye ningetaka jaji aulize hilo kwanza, mbele ya kupima.

Wamarekani walingoja hadi 2010 kushusha tofauti ile, kutoka mara 100 kufika mara 18. Miaka 24, na watu wako ndani.