Mizinga ya Singapore na Dhamana ya Waliopanga

Husimuliwa kwamba Singapore ilianguka kwa kuwa mizinga yake ilielekea baharini tu. Si kweli. Mizinga 5 ya inchi 15, iliyolinda kituo cha manowari cha Uingereza kilichofunguliwa mwaka 1938, baadhi yake iligeuzwa ikafyatua nchi kavu. Tatizo ni kwamba makombora yake mengi yalikuwa ya kutoboa meli, si ya kuzuia askari wa miguu. Wajapani walitua Kota Bharu, kaskazini mwa Malaya, Desemba 1941, wakashuka kwa nchi kavu. Februari 15, 1942 Waingereza wakasalimu amri. Kulaumu mizinga ni kuwasitiri wapangaji. Mzinga haukujichagulia adui wala kombora, kuna waliouchagulia.