Wataalamu wa mwaka 1960

Wasikilizaji wetu, ninyi mlio mitaani na ninyi mlio kambini, siku hizi kila mjadala wa radio unaleta "mtaalamu". Anaeleza usalama, mashamba, hata namna ninyi mtakavyorudi kwenu. Tunamsikiliza kwa sababu ana diploma. Inchi yetu ilikwisha kulipima jambo hilo mapema.

Januari 1960 viongozi wa vyama vya Kongo waliitwa Bruxelles kwenye meza ya duara ya siasa. Waliomba uhuru, wakapewa tarehe: 30 Juni. Ikafuata meza ya pili, ya uchumi, Aprili hadi Mei. Wakubwa wengi hawakwenda, walikuwa kwenye kampeni ya uchaguzi. Wakatuma vijana, wengine bado wanafunzi. Mbele yao walikaa Wabelgiji waliozoea hesabu za koloni tangu zamani. Akili vijana walikuwa nayo. Lakini Universite ya Lovanium ilikuwa imefunguliwa 1954 tu, na vitabu vya hesabu vilikuwa mikononi mwa upande wa pili. Tena mambo yenyewe yalikuwa mazito: nani atarithi hisa za serkali katika makampuni kama Union Minière, na nani atalipa deni la koloni? Ugomvi wa mali hiyo uliendelea miaka baada ya bendera kupandishwa. Nyimbo za uhuru tunazikumbuka sote. Meza hii ya pili, ni wachache wanaoitaja.

Septemba mwaka ule ule, Mobutu akasimamisha wanasiasa. Akaweka Baraza la Makomisera Wakuu, wahitimu na wanafunzi wa universite, Bomboko akiwa mkubwa wao. Watu waliambiwa kwamba hawa ni mafundi, si wanasiasa. Sheria na uchumi walivisoma kweli. Ila hakuna raia aliyewachagua, na bunge lilikuwa limefungwa, basi nani angewauliza kitu? Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipelekwa Katanga, akauawa usiku ule. Komisera wa ulinzi alikuwa ndani ya ndege iliyompeleka. Hiyo ilikuwa kazi ya ufundi gani?

Baraza liliondoka Februari. Bunge lilikutana tena Julai, ndani ya Lovanium yenyewe, likilindwa na askari wa ONU, na mwanzo wa Agosti likampitisha Adoula kuwa waziri mkuu.