Nani Ataandika Historia ya Nchi Isiyokuwepo?

Wiki hii nimeonelea tuzungumzie historia ya nchi moja iitwayo Dereth. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwani haimo Afrika wala Asia wala Ulaya. Dereth ilikuwa nchi ya kubuni ndani ya mchezo wa kompyuta wa Marekani ulioitwa Asheron's Call. Nchi hiyo ilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1999 na ikafungwa tarehe 31 Januari 2017. Katika miaka hiyo 17 na ushei ilikuwa na miji, koo, ndoa, vita, mashujaa na wasaliti. Swali langu ni hili: je, nchi ya namna hiyo ina historia? Na kama inayo, ni wajibu wa nani kuihifadhi?

Najua wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya watoto. Nawaomba wavute subira, maana hata watoto hukua, na wengi wa waliocheza Dereth leo ni wazazi.

Kwanza tuelewane juu ya michezo yenyewe. Mnamo mwaka 1978 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, aitwaye Roy Trubshaw, alianza kuandika programu aliyoiita MUD. Mwenzake, Richard Bartle, akaja kuiendeleza. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu: mchezaji anaandika kwamba anakwenda kaskazini, na kompyuta inamwambia amefika wapi na mbele yake kuna nini. Jipya lililokuwemo ni kwamba watu kadhaa waliweza kuwa ndani ya ulimwengu huo mmoja kwa wakati mmoja, wakasaidiana au wakauana. Kutoka hapo, picha zikaongezeka na intaneti ikaenea, mpaka ikazaliwa michezo mikubwa kama Ultima Online mwaka 1997 na EverQuest mwaka 1999, ambayo kila mmoja ulikuwa na wachezaji kwa malaki.

Sasa, katika michezo hii kuna historia za aina mbili, na hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Aina ya kwanza ni ile inayotungwa na wenye mchezo: miungu gani waliumba nchi, mfalme gani alimpindua nani, zimwi gani limefungwa chini ya mlima. Hizo ni ngano, na mtunzi wake analipwa mshahara. Aina ya pili ni yale ambayo wachezaji wenyewe waliyatenda. Hayo hayakutungwa na mtu. Yalitokea.

Nitoe mfano. Mwezi Agosti 1997, Ultima Online ilipokuwa bado kwenye majaribio, muasisi wake Richard Garriott aliingia mchezoni kuwahutubia watu akiwa na sura ya mfalme wao, Lord British. Mfalme huyo alikusudiwa asife. Lakini kompyuta zilikuwa zimezimwa na kuwashwa upya, na kinga yake haikurudishwa. Mchezaji mmoja aliyejiita Rainz akamtupia moto wa uchawi, na mfalme akaanguka akafa mbele ya hadhara. Hapana mwandishi aliyepanga jambo hilo. Leo, baada ya miaka mingi, watu wengi wanaoukumbuka mchezo ule hawawezi kukusimulia ngano zake zilizoandikwa rasmi, lakini kisa cha kuuawa mfalme wanakijua.

Turudi Dereth. Asheron's Call ilitengenezwa na kampuni ya Turbine na ikatolewa na Microsoft. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hadithi yake ilisonga mbele kila mwezi. Mwezi huu theluji inaanguka mahali isipostahili, mwezi ujao viumbe wapya wanaonekana, na wachezaji wanaokota barua na vitabu vya kale na kujaribu kuunganisha vipande. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba kuna majabali ya kioo ambayo yakivunjwa yote, zimwi kuu liitwalo Bael'Zharon litatoka kifungoni. Watunzi walikwisha kuamua kwamba zimwi litatoka, kwa hiyo walitarajia wachezaji wayavunje majabali hayo kwa tamaa ya kupata nguvu na mali.

Ieleweke kwamba mchezo kama huu hauwi na ulimwengu mmoja. Kampuni huweka nakala kadhaa za nchi ile ile, kila moja kwenye kompyuta yake kubwa iitwayo seva, na kila seva ina wakazi wake. Katika seva nyingine mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Lakini katika seva iliyoitwa Thistledown, wapo wachezaji waliokataa. Walijipanga zamu, usiku na mchana, wakalilinda jabali la mwisho dhidi ya wachezaji wenzao. Wakati seva nyingine zote zimekwisha kuvunja, Thistledown ilikuwa bado imesimama. Mwishowe watengenezaji wenyewe waliingia mchezoni kuhakikisha jabali linavunjika, kwani hadithi ilibidi iendelee. Likavunjika. Ila baadaye kampuni ilifanya jambo la kiungwana: katika seva ya Thistledown pekee, ikajenga mnara wa kuwakumbuka waliolilinda jabali lile.

Hebu tutafakari. Watu wale walishindwa, na tangu mwanzo walikuwa hawana njia ya kushinda. Lakini kwa kukataa kwao waliandika ukurasa ambao haukuwemo kwenye kitabu, na mwenye kitabu akalazimika kuutambua. Kama hiyo si historia, mimi sijui historia ni nini.

Ila mnara wenyewe ulijengwa wapi? Ulijengwa ndani ya mchezo, kwenye kompyuta ya kampuni. Tarehe 31 Januari 2017, umeme ulipokatwa kwenye seva zile, mnara nao ulizimika. Mkazi wa Dereth hakuwa na hatimiliki ya chochote, wala nyumba, wala upanga, wala kaburi. Alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba alifunga mlango.

Kilichobaki kilibaki kwa juhudi za wapangaji. Kwa miaka mingi wachezaji walikuwa wamenakili barua na vitabu vya mchezoni, wakavipanga kwa miezi na miaka kama anavyofanya mtunza nyaraka yeyote. Kabla ya seva kuzimwa, baadhi yao walirekodi mawasiliano baina ya kompyuta zao na seva, ili mafundi waweze baadaye kuunda upya ile sehemu ambayo kampuni haikuwapa. Wakafaulu, na leo wapo wanaotembea tena katika nchi inayofanana na Dereth. Lakini milima na mazimwi si watu. Unaweza kuijenga Thistledown upya jiwe kwa jiwe, na bado usizipate zile zamu za usiku za mwaka 2000.

Jambo hili wataalamu wamelijua kwa muda. Kati ya mwaka 2008 na 2010, vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, vikiwemo Illinois, Stanford na Maryland, vilishirikiana katika mradi wa kuhifadhi malimwengu ya namna hii, kwa msaada wa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Mwanahistoria Henry Lowood wa Stanford amesisitiza hoja hii hii, kwamba kuhifadhi programu si kuhifadhi yaliyotokea ndani yake. Mchezo uitwao EA-Land ulipofungwa Agosti 2008, mtafiti wa Stanford aliingia na kurekodi dakika zake za mwisho: watu wanaagana, kisha ukimya. Ni rekodi fupi, lakini inamweleza mtafiti wa kesho jambo ambalo programu peke yake haiwezi kumweleza.

Na manufaa ya kumbukumbu hizi hayaishii kwa wachezaji. Septemba 2005, ndani ya World of Warcraft, ugonjwa wa kubuni uliokusudiwa kubaki katika eneo la zimwi moja ulitoroka, ukibebwa na wanyama wanaofugwa na wachezaji, ukaingia mijini. Wanyonge walikufa kwa wingi. Wengine walikimbilia mashambani, wengine walibaki kuwatibu wenzao, na wengine walieneza ugonjwa kwa makusudi. Kampuni ilijaribu karantini, ikashindwa, ikabidi iwashe seva upya na kurekebisha programu. Mwaka 2007 wataalamu wawili, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliliandika tukio hilo katika jarida la tiba la Lancet Infectious Diseases, wakionyesha linavyoweza kutufunza juu ya tabia za watu wakati wa maradhi. Ilipofika mwaka 2020, watu wengi duniani wakiwa wamefungiwa majumbani, wengi waliurudia mkasa ule.

Sheria, kwa upande wake, inatambaa. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu maktaba na makumbusho kuhifadhi michezo ya mtandaoni iliyoachwa na wenyewe, mradi programu ya seva imepatikana kihalali na umma uitazame humo humo ndani ya jengo. Mwaka 2024 maombi ya kuruhusu watafiti kuitumia wakiwa mbali yalikataliwa. Wenye kampuni wanasema ile ni mali yao, na kuilinda ni haki yao. Siwalaumu kwa kutaka kulinda mali. Nauliza tu: ngano ni mali yao, sawa, seva ni mali yao, sawa, je, ushujaa wa wale walinzi wa Thistledown nao ni mali ya nani?

Maoni yangu ni kwamba tusiwangoje wanasheria. Anayecheza mchezo wa namna hii, na najua hata hapa mjini wapo, aandike. Asiandike ngano za kampuni, kwani hizo zina watunzi wake. Aandike nani aliongoza kundi lao, waligombana kwa sababu gani, walipatana vipi, nani aliondoka bila kuaga na siku ile walijisikiaje. Aweke tarehe. Aweke na jina la seva. Aandike mahali ambapo kampuni haiwezi kupazima, hata kama ni kwenye daftari la mazoezi la shilingi chache.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga wakiwafikiria wafanyabiashara. Mimi naona waliosimama zamu usiku kucha kulinda kioo kisichokuwepo nao wanastahili daftari lao.